Somo: Njia ya ujumbe inapokatwa, nani anairudisha?



Somo la mara hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tumelipitia bila kulielewa vizuri. Ni kukatwa kwa intaneti na ujumbe wa simu wakati wa machafuko, pamoja na juhudi ambazo serikali mbalimbali zimefanya ili kuirudisha intaneti au kuwasaidia watu kuvuka vizuizi. Lisomwe katika kikundi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Asiyekuwa na simu asidhani kwamba halimhusu. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kupata hasara, kwa sababu habari zake hupitia simu ya jirani.

Yaliyotupata hapa Kongo

Tarehe 30 Desemba 2018 Wakongomani walipiga kura ya rais na wabunge. Kesho yake intaneti ikakatwa, na ujumbe mfupi wa SMS nao ukakatwa. Radio France Internationale ikazimwa kwenye FM mjini Kinshasa. Mshauri wa Rais Joseph Kabila, Bwana Barnabé Kikaya Bin Karim, alieleza kwamba walitaka kuzuia matokeo ya uongo yasienee kabla Tume ya Uchaguzi, CENI, haijatangaza yaliyo rasmi. Hali hiyo ilidumu karibu siku 20. Matokeo ya muda yalitangazwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019, na intaneti ikaanza kurudi tarehe 19 na 20, wakati uleule Mahakama ya Katiba ilipokuwa inathibitisha matokeo hayo. Kanisa Katoliki lilikuwa limetuma waangalizi wapatao 40,000. Mtu anaweza kujiuliza hesabu zao zingepita njia gani katika siku zile.

Kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo mambo yalikuwa mazito zaidi. Siku chache kabla ya kura, CENI ilisogeza kura yao hadi Machi 2019, ikitaja ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Watu wengi wakaamini kwamba Ebola imeletwa, au imebuniwa, ili wanyimwe kura. Tarehe 27 Desemba waandamanaji mjini Beni walishambulia kituo cha kupokelea wagonjwa wa Ebola. Siku nne baadaye njia za ujumbe zikafungwa. Ugonjwa huo, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, uliua watu zaidi ya 2,200 hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020, na katika vita hiyo adui wa pili baada ya kirusi alikuwa uvumi. Mwenye kuzima simu wakati kama huo hauzimi uvumi. Anauachia uwanja peke yake, maana radio trottoir haihitaji antena.

Mara hiyo haikuwa ya kwanza. Baada ya uchaguzi wa 2011, SMS zilifungwa tangu tarehe 3 Desemba kwa muda wa wiki tatu hivi. Walioumia zaidi ni watu ambao hakuna aliyewafikiria wakati agizo linaandikwa, yaani viziwi. Kwao SMS ndiyo sauti. Viziwi wa Kinshasa walilalamika kwamba wametengwa na dunia. Januari 2015 watu waliandamana kupinga mswada wa sheria ya uchaguzi uliotaka hesabu ya watu itangulie, na intaneti ikakatwa tena. Benki na ofisi kubwa zilirudishiwa mapema. Raia wa kawaida wakaendelea kungoja, na mitandao ya kijamii haikuwarudia hadi Februari. Desemba 2016, muhula wa Rais ulipofika mwisho, mitandao ya kijamii ilizuiwa. Tarehe 30 Desemba 2017, kabla ya maandamano ya walei Wakatoliki, waziri wa mawasiliano aliandikia kampuni za simu zifunge intaneti na SMS. Mwaka 2018 ikatokea tena Januari na Februari.

Tuchukue mfano wa mama aliyekimbia na watoto watatu, mume akabaki upande wa pili wa mapigano kuangalia mifugo. Kila jioni mume hutuma maneno mawili: niko salama. Siku maneno hayo yasipofika, mama hajui kama ni antena, ni betri, ama ni kifo. Akipita mtu akasema kijiji chao kimechomwa na watu wa kabila fulani, mama atauliza nani ili ahakikishe? Na watoto wake wakubwa watafanya nini usiku huo kwa jirani wa kabila lile? Kwa sababu hiyo gazeti hili la amani linaingia katika mambo ya simu.

Kikundi kisimame hapa kidogo. Kila mmoja akumbuke siku ambazo simu zilinyamaza. Habari gani ya uongo ilienea katika siku hizo, na nani alilipa gharama yake?

Namna njia inavyofungwa

Wengi hudhani kuna mtu anayekata waya mahali fulani. Kwa kawaida huanza na barua. Waziri au mamlaka ya udhibiti, ambayo kwetu ni ARPTC, huiandikia kila kampuni ya simu. Kampuni hutii kwa sababu leseni yake imetoka serikalini. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 46, iliipa Serikali uwezo wa kukataza mawasiliano yote au sehemu yake kwa sababu za usalama au ulinzi wa nchi, na kwa muda itakaoupanga yenyewe. Makatazo mengi tuliyoyataja yalifanyika sheria hiyo ikiwa bado inatumika. Nafasi yake imechukuliwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Viongozi wanaosoma Kifaransa waitafute na waisome, maana ndiyo watakayoonyeshwa siku watakapouliza.

Kuna kufunga kwa namna tatu. Kwanza ni kuzima kila kitu, kama mtu anayefunga bomba kwenye chemchemi. Pili ni kuzuia baadhi ya milango tu, kwa mfano WhatsApp, Facebook au X, huku mingine ikiachwa wazi. Tatu ni kupunguza mwendo hadi picha na sauti zisipite. Agosti 2017 ARPTC iliagiza jambo la aina hiyo ya tatu, na mwenye simu alidhani mtandao umechoka. Tofauti hizi tatu zina maana kubwa, kwa sababu dawa ya moja haiponyi nyingine.

Serikali zinazosaidia kufungua

Kuna serikali zinazotoa fedha ili watu wa nchi nyingine wavuke vizuizi. Inayojulikana zaidi ni Marekani. Programu ya Tor, inayoficha njia ya ujumbe, ilianza katika maabara ya jeshi la majini la nchi hiyo miaka ya 1990. Tangu 2012 mfuko unaoitwa Open Technology Fund umekuwa ukigharamia zana za namna hiyo kwa fedha ya serikali, ikiwemo Psiphon, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada. Zana hizi, ambazo vijana wetu huziita VPN kwa ujumla, hufanya kazi kama bahasha ndani ya bahasha. Barua yako imeandikwa jina la mtu asiyezuiwa, inapita kizuizini, kisha yule mtu anaifungua na kuipeleka kwa uliyemkusudia.

Zilisaidia kweli? Julai 2021 watu wa Kuba walipoingia barabarani, serikali yao ilizuia mitandao ya kijamii, na katika siku chache watu wapatao milioni 1.4 wakawa wanapitia Psiphon. Huo ni msaada mkubwa. Lakini ulifaa kwa kuwa intaneti yenyewe ilikuwa bado inapita kidogo. Iran ilipozima karibu kila kitu Novemba 2019 kwa muda wa wiki moja hivi, bahasha hazikuwa na posta ya kuzibeba. VPN bila intaneti ni mtumbwi mahali ambapo ziwa limekauka. Vijana wanaouziana programu hizi kambini waambiwe hilo, na waambiwe pia kwamba programu ya bure isiyojulikana mwenyewe inaweza kuwa ndiyo inayosoma barua.

Katika siku zile za Kuba kulizuka pia mawazo makubwa. Gavana wa jimbo la Florida alipendekeza intaneti irushwe kutoka kwenye maputo angani. Rais Joe Biden akasema wanaangalia kama upo uwezo wa kuirudisha. Maputo hayo yalikuwa yamejaribiwa karibu nasi. Kampuni ya Loon iliyarusha juu ya Kenya kuanzia Julai 2020 ili kufikisha mtandao mashambani, na kabla ya hapo yalitumika Puerto Rico baada ya kimbunga cha 2017. Lakini Loon ilitangaza kufungwa Januari 2021, miezi sita kabla Wakuba hawajayahitaji, na ahadi ikabaki hewani. Tunalitaja jambo hili kwa sababu kambini tumezoea kusikia ahadi za mashine kubwa.

Msaada wa aina ya pili haupigi kelele, nao ndio unaotugusa zaidi: kupeleka njia ya ujumbe mahali ambapo vita au maafa yameiharibu. Luxembourg, nchi ndogo kuliko teritware nyingi za kwetu, iliunda mpango wa emergency.lu wa kupeleka vyombo vya satelaiti vya dharura kwa ndege. Mwanzoni mwa 2012 vilitumika Sudan Kusini, kisha Ufilipino baada ya kimbunga cha Novemba 2013, na katika nchi za Afrika Magharibi zilizopigwa na Ebola. Vyombo hivyo hufanya kazi pamoja na kundi la mashirika ya misaada linaloongozwa na Programu ya Chakula Duniani, PAM. Hata hivyo, mara nyingi mtandao huo huwekwa kwanza kwa ajili ya wafanyakazi wa misaada. Familia zilizokimbia huuona mnara juu ya paa la ofisi, lakini hazijui neno la siri. Kamati ya kambi ina haki ya kuuliza kwa heshima kama ipo saa, hata moja kwa siku, ya raia kutuma ujumbe kwa jamaa zao.

Mfano bora zaidi tulioupata wa serikali kuwafikiria raia wake wenyewe unatoka Ukraine, nayo ni nchi yenye mamilioni ya waliokimbia makwao. Vita kubwa ilipoanza Februari 2022, serikali na kampuni tatu za simu zilikubaliana kwamba kuanzia Machi mteja wa kampuni moja aweze kutumia antena za kampuni nyingine pale za kwake zilipoanguka. Hapakuhitajika satelaiti. Ilihitajika saini, na washindani kukubali kuketi meza moja. Novemba 2022, mabomu yalipoharibu umeme, serikali ikafungua vituo maelfu mashuleni na katika majengo ya umma, ambako mtu yeyote angeingia bure kuota moto, kuchaji simu na kutumia intaneti. Mimi ninayeandika somo hili naona mambo hayo mawili yana thamani kuliko maputo yote. Chumba chenye jenereta, waya za kuchajia na mlango usioulizia kabila ni kitu ambacho hata jimbo maskini linaweza kukianza.

Swali la kikundi: katika kambi yenu, simu huchajiwa wapi na kwa bei gani? Mwenye sehemu hiyo akiondoka kesho, itakuwaje?

Nani anashika ufunguo

Ukraine ilipata pia maelfu ya vyombo vya satelaiti vya Starlink, vingine vikilipiwa na Marekani, Poland na nchi nyingine. Viliokoa mengi. Lakini mwaka 2023 mwenye kampuni, Bwana Elon Musk, alisema mwenyewe kwamba aliwahi kuombwa aufungue mtandao huo hadi Sevastopol, katika Krimea, naye akakataa. Hatuko hapa kuamua kama alifanya vema ama vibaya. Tunaona tu kwamba uamuzi wa vita wa nchi nzima ulifika mikononi mwa mtu mmoja ambaye hakupigiwa kura na yeyote.

Huku kwetu, Machi 2024 ARPTC ilikataza matumizi ya Starlink kwa kuwa haikuwa na leseni, na upande wa jeshi ulikuwa na hofu kwamba vyombo hivyo vinatumiwa na waasi. Mei 2025 kampuni ikapewa leseni. Kwa hiyo kitu kilekile kilikuwa kosa mwaka mmoja na halali mwaka uliofuata. Iran nayo ilipitisha sheria mwaka 2025 ya kumwadhibu anayetumia Starlink, baada ya vyombo kuingizwa nchini kwa siri tangu 2022, wakati Marekani ililegeza vikwazo vyake ili huduma za intaneti ziwafikie Wairani. Anayetuma chombo yuko mbali. Anayekutwa nacho ndiye anayelala gerezani. Mtu akileta kambini sahani ya satelaiti, hata kwa moyo mwema, kamati iulize kwanza kama ina kibali, inaandikwa kwa jina la nani, na askari wakija ni nani atakayejibu.

Hata fedha ya msaada ina mwenyewe. Machi 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuukatia ruzuku ule mfuko wa Open Technology Fund, na mfuko ukalazimika kwenda mahakamani. Watu wa mbali waliotegemea zana zake hawakuulizwa.

Na tusidhani kwamba serikali zimegawanyika katika wafunguaji na wafungaji. Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza za muungano wa uhuru wa intaneti, Freedom Online Coalition, ulioanzishwa Desemba 2011 mjini The Hague. Lakini huduma ya Telegram ilizuiwa Kenya wakati wa mitihani ya sekondari ya 2023, tena 2024, na tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia bungeni kupinga mswada wa fedha, intaneti ilidorora nchini. Mkono uleule hutia saini na kufunga bomba.

Laini ya ng'ambo

Hapa Mashariki tuna dawa yetu ya kienyeji. Simu za Kongo zikinyamaza, watu wa Goma hutumia laini za Rwanda kwa kuwa mawimbi ya Gisenyi yanafika mjini. Bukavu hali ni hiyohiyo, Uvira hushika Burundi, na hata Kinshasa kando ya mto hushika Brazzaville. Ni dawa rahisi, na mwaka 2019 iliwasaidia wengi.

Lakini katika vita kama yetu, laini ya ng'ambo ni kitu kinachoweza kumuua mtu. Katika kizuizi cha barabarani mtu akikutwa na laini ya nchi jirani anaweza kuitwa mpelelezi kabla hajafungua kinywa, na sura yake ikifanana na ya kabila linaloshukiwa, mambo yanaharibika haraka zaidi. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, na kambi zilizoizunguka Goma kuvunjwa, familia nyingi zimepita katika mistari ya pande zote. Viongozi wanaweza kufanya jambo moja linaloonekana dogo. Waseme waziwazi, mbele ya wote, kwamba kuwa na laini ya ng'ambo si ushahidi wa kitu chochote. Kijana akisikia neno hilo kutoka kinywani mwa mzee wa kabila lake mwenyewe, litamzuia zaidi kuliko likitoka kwetu sisi wa mashirika.

Na maneno ya chuki je?

Viongozi wengine watatuuliza: ninyi watu wa amani, hamjasikia sauti zinazosambazwa kwenye WhatsApp, zinazoita majirani wadudu na kuomba damu yao? Tumezisikia. Tunakumbuka pia redio RTLM mwaka 1994 kule Rwanda, iliyotaja watu na mahali walipojificha. Asemaye kwamba maneno hayaui hajaishi katika Maziwa Makuu.

Kwa hiyo hatusemi kila kitu kiachwe kipite. Tunauliza kama kufunga njia yote kunazuia kile kinachosemwa kinazuiwa. Mchochezi anajulikana kwa jina na kwa sauti. Anaweza kuitwa mbele ya hakimu, kundi lake la WhatsApp likafungwa, na chombo kilichotangaza kikawajibika. Intaneti ikizimwa kwa wote, mchochezi bado ana mdomo, pikipiki na barua za usiku. Aliyepotea ni mwalimu ambaye angemjibu kwa picha ya kweli, na daktari, na yule mama mwenye watoto watatu. Halafu kuna maafa yasiyongoja siasa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 2021 gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliagiza watu wa sehemu kubwa ya Goma waondoke kwa hofu ya mlipuko wa pili wa Nyiragongo, na mamia ya maelfu wakatoka kuelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi. Tangazo lile lingetoka siku ambayo simu zimefungwa, nani angeliamini alipoambiwa na mpita njia saa nane usiku?

Kuomba wakati wa utulivu

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inatambua uhuru wa kutoa maoni katika kifungu cha 23, haki ya kupata habari katika kifungu cha 24, na siri ya mawasiliano katika kifungu cha 31. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika Tangazo lake la Kanuni la mwaka 2019, kanuni ya 38, imesema serikali zisikatize intaneti kwa umma. Machi 2024 Tume hiyo ikatoa azimio jingine hasa juu ya kufunga intaneti nyakati za uchaguzi.

Je, karatasi hizo zimewahi kumfungulia mtu njia? Zimbabwe ilizima intaneti Januari 2019 watu walipoandamana kwa ajili ya bei ya mafuta. Tarehe 21 mwezi uleule Mahakama Kuu ya Harare ikaamua kwamba waziri aliyetoa agizo hakuwa na mamlaka hayo kisheria, na huduma ikarudi. Togo ilizima Septemba 2017. Mashirika na mwandishi wa habari wakaenda mbele ya Mahakama ya ECOWAS, ambayo tarehe 25 Juni 2020 ilisema agizo lile halikuwa na msingi wa sheria, na Togo ikaamriwa kulipa fidia. Hukumu ile ilikawia karibu miaka mitatu. Kwa aliyefiwa siku zile haikusaidia kitu, lakini inamsaidia atakayefuata.

Familia iliyokimbia haiwezi kwenda mahakamani kila siku. Inaweza kumwendea msimamizi wa teritware, au mamlaka nyingine iliyopo mahali hapo, siku ya utulivu na si siku ya moto. Msiende kudai intaneti kwa jumla, maana mtaitwa wanasiasa. Pelekeni mambo machache yenye uso wa mtu. Kwamba hata siku ya kufunga, simu za sauti na SMS ziachwe. Kwamba njia za kupokea fedha za msaada kwa simu zisiguswe. Kwamba hospitali na wanaotoa tahadhari za volkano na magonjwa waachwe wazi. Kwamba agizo liandikwe, liwe na sababu na tarehe ya kwisha, na lisomwe redioni. Afisa wengi watawasikiliza vizuri zaidi mkiwa na mama kiziwi, mganga wa kituo cha afya na mwakilishi wa kila kabila kambini, kuliko mkiwa vijana kumi wenye simu mkononi.

Zoezi la nyumbani

Kabla ya kikao kijacho, kila familia iandike kwenye karatasi namba tatu za simu za watu wake wa karibu, kwa maana wengi tunazo ndani ya simu tu, na simu ikiibwa au ikizimika namba zimekwenda. Kisha wakubaliane mahali pawili pa kukutana wakitengana: pa karibu, kama kanisa, msikiti au shule, na pa mbali, kwa jamaa anayefahamika na wote. Watoto wakubwa wakariri.

Kamati nayo ichague watu wanne au watano wa kubeba habari, wamama wawili angalau, na wasiwe wote wa kabila moja. Kazi yao siku ya ukimya ni kusikiliza redio kwa saa zilizopangwa, kwenda kuona kwa macho yale yanayoweza kuonwa bila hatari, na kurudi kusema mbele ya watu: hili tumeliona, hili tumelisikia tu, hili hatujui. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, imewasaidia wengi hapo, lakini kumbukeni kwamba mwaka 2018 hata kituo cha redio kilizimwa. Kwa hiyo zisikilizwe redio zaidi ya moja, na betri zinunuliwe mapema.

Orodha ya majina yao isitundikwe ukutani wala isitumwe kwenye WhatsApp. Katibu aiweke peke yake, isiyo na kabila la mtu wala kijiji alikotoka, na kambi ikivamiwa jambo lake la kwanza liwe kuichoma.